Nafasi Tatu kwenye Karatasi ya Kura

Ofisini walimwita Bi Nukta, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kazi yake ilikuwa kukagua maswali ya kura ya maoni kabla hayajachapwa kwenye karatasi ya kura, na katika kazi hiyo hakuwa na mchezo. Swali liwe moja, si mawili yaliyobebana mgongoni. Lijibike kwa Ndiyo au Hapana. Lisimbembeleze mpiga kura wala kumtisha. Aliwahi kumrudisha wakili mzima kwa sababu swali lake lilikuwa na neno "eti". Wenzake walicheka wakashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Kanuni moja tu hakuwahi kuifikiria sana: karatasi ya kura haibebi maswali zaidi ya matatu, na anayewahi kusajili ndiye mwenye nafasi. Aliiona kama hesabu ya viti vya chumbani, basi.

Aliishi na dada yake mkubwa katika nyumba waliyoachiwa na baba: vyumba viwili huku, viwili kule, jiko moja katikati, na mama yao akilala upande wowote ambao moyo wake umemtuma wiki hiyo. Dada alikuwa mkunga katika kliniki ya wazazi ya mtaa ule ule. Baraza la mji lilipotangaza kwamba kliniki itafungwa na huduma kuhamishiwa ng'ambo ya mji, hakupiga kelele. Akitoka zamu alipita mlango kwa mlango kukusanya saini, ili wananchi waulizwe wenyewe kama kliniki ibaki. Watu wakambandika jina, Mama Saini. Wapo waliojificha wakimwona anakuja, kwa utani, naye akawafuata mpaka jikoni.

Siku moja mkuu wa ofisi alimwita Bi Nukta, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na rasimu tatu kutoka baraza la mji. Je, mnara wa saa wa baraza upakwe rangi ya bluu? Je, mbwa wafungwe wakati wa mchana? Je, stendi ya mabasi ibadilishwe jina na kupandwa miti?

"Hili la tatu ni maswali mawili, mkuu," alisema hata kabla hajakaa. "Jina ni jambo lake, miti ni jambo lake. Halipiti."

"Ndiyo maana nimekuita. Linyooshe lipite."

Kanuni iliiruhusu ofisi kumnyooshea lugha yeyote anayeomba. Akachukua kalamu, akaifuta miti. Alama ya kuuliza ilikuwa imeshakaa mahali pake ndipo akili ikamrudia. Maswali yalikuwa matatu, karatasi nzima. Akaiweka kalamu chini.

"Mkuu, dada yangu ana ombi lake linakuja. Naomba uniondoe kwenye hili."

"Nikuondoe nimweke nani? Mwenzako yuko likizo ya uzazi." Mkuu alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumkwaza Bi Nukta, maana hata wa kumchukia hakumpata. "Wanasajili keshokutwa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Na kiapo chako unakijua: jambo lisilosajiliwa halitoki nje ya mlango huu. Ukitoa neno, utapoteza kazi, na jela unaweza kuiona."

Jioni ile walikula wote watatu, kama kawaida.

"Tumebakiza mitaa michache," dada alisema, macho yanamng'aa. "Jumatatu tunapeleka."

Bi Nukta aliweka kijiko chini. "Si idadi mmeshaifikisha? Pelekeni kesho."

"Wakili wetu anasema tuzidishe. Nyie mtayakata majina mengi, tunawajua." Dada alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Kwani kuna kitu?"

Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Angeweza hata kukohoa tu, dada angeelewa. Walikuwa wamelala kitanda kimoja utoto wote. Akaiona ofisi, akamwona mkuu, akamwona mama akiwa ameshika sahani anasubiri jibu.

"Hakuna. Napenda tu watu wanaowahi."

"Wewe haraka umezaliwa nayo," mama alisema, akamwongezea mchuzi. Bi Nukta akala, ili mdomo uwe na shughuli.

Mwanasheria wa baraza alikuja siku ile ile aliyoitaja mkuu. Bi Nukta akapiga muhuri, akabandika tangazo kwenye ubao ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Tangu dakika ile aliruhusiwa kusema, na la kusema halikuwepo tena. Akirudi nyumbani alipita nje ya kliniki. Kwenye benchi walikaa wajawazito wakijipepea kwa kadi zao, na ndani sauti ya dada ilikuwa ikimhimiza mtu: "Pumua, mwanangu, usibane." Akaongeza mwendo.

Jumatatu dada alifika dirishani na kina mama wawili waliobeba maboksi ya saini.

"Karatasi imejaa, dada."

"Imejaa nini?"

Akamsomea. Mnara, mbwa, stendi.

"Mbwa," dada alirudia taratibu. "Mbwa, mdogo wangu?" Mmoja wa wale kina mama alicheka, akidhani ni utani. "Na wewe uliyaona lini?"

Nyuma yao foleni ilikuwa inasikiliza. Bi Nukta alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ile ya kazini: "Ombi lenu limekosa nafasi. Mna haki ya kwenda mahakamani."

Wakaenda. Wakili wao alipoona kesi haina miguu alijitoa, dada akasimama mwenyewe. Bi Nukta aliitwa kuwa shahidi wa ofisi. Alitoka nyumbani dakika chache baada ya dada, wasikutane njiani.

"Shahidi," dada alisema, na neno hilo likamwingia Bi Nukta vibaya, "maswali yote matatu yalikuja yakiwa sawa?"

"La tatu halikuwa sawa."

"Nani alilisawazisha?"

"Mimi."

"Kama usingelisawazisha?"

"Lingekataliwa. Nafasi moja ingebaki."

Watu wakaguna. Dada alisubiri watulie.

"Siku ile tukiwa mezani, ulikuwa unajua?"

Alimtafuta mama kwa macho, akamkuta amejifunika uso kwa kitenge. "Nilikuwa najua."

"Sina swali lingine."

Hakimu alisema hapendi kulitamka, lakini utaratibu umefuatwa. Akalitupa shauri.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi; ungekuwepo, angalau wangesemeshana. Dada alihamishia upishi wake barazani. Mama alihamia upande wa dada, na safari hii hakurudi. Watu walipiga kura. Mnara ukapata rangi yake ya bluu kwa kura nyingi. Kliniki ilipofungwa dada akahamishiwa ng'ambo ya mji, akapanga chumba huko, akamchukua na mama.

Bi Nukta aliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu aliisoma, akamrudishia.

"Ukiondoka, baraza litatuletea mtu wao. Unataka hilo?"

"Basi hii kanuni ya maswali matatu ibadilishwe."

"Inabadilishwa kwa kura ya maoni tu."

"Swali liletwe."

Mkuu alitazama dirishani. "Mwezi ujao tunafungua usajili wa maswali ya kura ijayo. Baraza limeshaniambia lina yake matatu." Akashusha sauti. "Na hilo nalo, unajua, haliwezi kutoka humu."

Bi Nukta alicheka, kicheko kibaya ambacho hata yeye hakukitambua. Akarudi kwenye kiti chake.

Asubuhi ya kufungua usajili, alipovuta pazia la dirisha, dada alikuwa amesimama wa kwanza, ana boksi kifuani, na kitambaa cha kichwa kimelowa ukungu. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa amekuja kabla ya watu kuamka.

"Tusajilie, afisa."

Bi Nukta alilisoma swali. Je, kliniki ya wazazi ifunguliwe tena? Lilikuwa moja, na safi. Akapiga muhuri, akasukuma nakala chini ya kioo.

"Nafasi ya kwanza," alisema. "Mama hajambo?"

Dada aliikunja nakala mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Ofisi yenu inauliza?"

Hakungoja jibu. Nyuma yake mwanasheria wa baraza alikuwa ameshasogea, mafaili kwapani.

"Anayefuata," Bi Nukta alisema.