Ekzosi Iliyozuia Maziwa

Pikipiki ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu hapa kijijini watu wanasema ni ya mjukuu wangu, kwa kuwa yeye ndiye anayeiendesha na mimi sijawahi hata kuiwasha. Niliipata kwa kuuza dume nililolilea mwenyewe tangu likiwa ndama. Mjukuu, binti wa binti yangu, anaishi na mimi tangu alipomaliza kidato cha nne. Kila asubuhi anafunga madumu ya maziwa nyuma ya kiti, anayapeleka Bariadi mjini, pale Somanda, kwa mama mmoja mwenye mgahawa karibu na hospitali.

Mama huyo ananunua maziwa yote. Hapa kijijini watu wananunua kikombe kikombe, na wengi wana ng'ombe wao. Wanaouguza ndugu zao hospitalini wanaamka mapema, wanataka chai ya maziwa, na yeye anawapikia. Maziwa yakichelewa anawapa chai ya rangi, wanakwenda kwa jirani yake.

Wanangu wa kiume wote wako mjini. Wakipiga simu neno ni moja: "Mayu, uza hao ng'ombe uje ukae na sisi." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Mimi nilishakwenda nikakaa. Niliwekwa kwenye chumba cha watoto, nikaletewa chakula kama mgonjwa, nikaangalia televisheni mpaka macho yakauma. Nikarudi. Nikasema nitahama hapa siku ambayo ng'ombe watakosa kazi. Kazi yao ni ule mgahawa. Kwa hiyo pikipiki ikishindwa kufika Somanda, mimi ndiye ninayehamishwa.

Na ikaanza kushindwa. Kati yetu na barabara kubwa kuna korongo, na ukishavuka korongo kuna mlima wa mawe. Mvua za kwanza zilijaza korongo, mjukuu akapita kwenye maji, bomba la moshi likanywa. Tangu siku hiyo pikipiki ikawa inapanda mlima kwa kukohoa. Inafika katikati, inazima. Mjukuu anashuka, anasukuma na madumu yake, jua linampita. Yule mama wa mgahawa akamwambia, "Mwambie bibi yako nampenda, lakini siwezi kuwapa watu maji ya moto na mapenzi. Kuna mtu ana gari, anasema ataniletea maziwa kabla sijawasha jiko. Nawavumilia mpaka wiki hii iishe."

Habari hiyo ikawafikia wanangu, wakaanza kuhesabu siku. Nikapanda nyuma ya mjukuu, tukaenda kwa fundi wa kijiweni mjini. Kijana ana mikono myeusi, mdomo mwepesi. Akaigonga ekzosi kwa spana, vikadondoka vipande vya kutu. Akasema, "Bibi, imeziba. Tunaitoa matumbo tu, ipumue. Huo mlima wako utaona kama uwanja wa mpira."

Akaikata mwisho kwa grainda, akavuta vyuma vya ndani vilivyooza, akavitupa. Kwa macho yangu niliona vimeziba, nikaamini. Akaiwasha. Kuku wa mama ntilie waliingia chini ya meza. Vijana wa bodaboda wakaanza kucheka.

"Bibi kanunua ndege," mmoja akasema.

"Panda nikurushe kwa mama yako," nikamjibu, nikakaa nyuma ya mjukuu tukaondoka.

Kesho yake nikaketi kumkamua ng'ombe wangu mwekundu. Huyu ndiye mkubwa wa zizi, akikataa yeye na wengine wanakataa. Ndama alishanyonya kidogo, chuchu zimejaa, mkono wangu unaanza kupata. Mjukuu, kama kawaida yake, akaiwasha pikipiki kando ya zizi ipate moto mimi nikimalizia. Ikapiga baruti. Ng'ombe mwekundu akaruka, ndoo ikaenda huko, na maziwa akayabana. Nikamrudishia ndama, nikamkanda kiwele, nikamwimbia. Hakuna. Wale wengine nao wakabana. Ndoo nzima ilikuwa na maziwa ya kutosha paka na watoto wake.

Fikiria hilo. Nimetengeneza pikipiki iwahishe maziwa, sasa hakuna maziwa ya kuwahisha.

Nikamwambia mjukuu aisukume mpaka njiani ndiyo awashe. Akafanya hivyo. Jirani yangu alikuwa analima kwa maksai kando ya njia, na ile baruti ikawakuta katikati ya shamba. Maksai wakakimbia na jembe. Akaja jioni kunionyesha kwa kidole ule mfereji uliopinda.

"Mama, hiyo pikipiki yako imenilimia," akasema. "Sasa ije ipande pamba kwenye mfereji wake."

"Nitakuja kupalilia," nikamwambia. Akacheka, lakini hakufurahi.

Haya yote ningeyavumilia kama mlima ungepandika. Haukupandika. Mjukuu alirudi na jasho mpaka viatuni, akasema, "Bibi, inapiga kelele sana lakini haivuti. Kwenye tambarare inakimbia. Kwenye gia ya kwanza na mzigo, inalia tu imesimama."

"Mpigie baba yako," nikamwambia.

Akaniangalia. Alijua uzito wake. Baba yake ni fundi wa pikipiki Lamadi, pale barabarani magari yanapopita kwenda Mwanza na Musoma, na watu wanatoka mbali kumfuata. Lakini ni mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai karibu, hawaongei uso kwa uso. Tangu amuoe binti yangu nimemwona mgongo zaidi ya uso, na yeye hivyo hivyo. Tukiwa na neno tunampa mtu alibebe. Ndiyo maana sikumwita mwanzo. Sasa nilikuwa na siku chache tu za huyo mama wa mgahawa.

Mkwe alifika asubuhi. Mjukuu alishaondoka kwa baiskeli na maziwa machache tuliyopata, ili mgahawa usitusahau. Mimi nilikuwa nimemfunga ng'ombe mwekundu karibu na ua wa minyaa nikimpaka mafuta kwenye chuchu. Nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa ua, kikohozi cha heshima. Nikageuka nikampa mgongo. Najua naye alinipa wa kwake.

Hakukuwa na mtu wa kubeba maneno. Nikaendelea kumpaka ng'ombe mafuta mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Mwangaluka," akasema, anaiambia pikipiki.

"Mwangaluka," nikajibu, namwambia ng'ombe. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

"Wewe pikipiki, ulianza lini kukosa nguvu?"

"Ng'ombe wangu, ungekuwa na mdomo ungemwambia. Tangu ilipokunywa maji ya korongo."

"Na unakosa nguvu gia za chini, au hata ukishakimbia?"

"Za chini, ng'ombe. Ikishakimbia ni mwendawazimu."

"Na mwendeshaji akiachia mafuta, unapiga baruti?"

"Si ndiyo hiyo iliyokufanya unibanie maziwa, ewe mnyama usiye na huruma."

Nikasikia anacheka puani. Nikajifanya sikusikia, maana mkwe hapaswi kucheka mbele yangu. Akafungua plagi. "Nyeupe kama chokaa," akaiambia pikipiki. "Una hewa nyingi, mafuta kidogo. Aliyekutoa matumbo alikuacha na kabureta ile ile."

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini nilitaka kujua. Nikasema, "Ng'ombe, hivi ni lazima mtu achague? Apate nguvu akose utulivu, au apate utulivu asukume?"

Akaieleza pikipiki. "Pikipiki, moshi wako unataka njia pana na iliyonyooka. Lakini njia iwe na kingo. Ukiachiwa uwanja mzima, moshi unatawanyika, mvuto unapotea. Nitakuwekea kingo, na sauti itabaki ndani."

Alikuwa amekuja na mabomba amefunga kwenye pikipiki yake. Kutoka kwenye injini akaweka bomba pana kidogo kuliko la zamani. Nyuma akaweka bomba la ndani lililotobolewa matundu mengi, akalizungushia nyuzi za chuma, zile zile za kusugulia masufuria, akalifunika kwa bomba la nje. Kwenye kabureta akabadilisha jeti, kile kijipande chenye tundu la kupimia mafuta, akaweka chenye tundu kubwa zaidi. Mimi nilikuwa naambiwa yote hayo kupitia pikipiki.

Mjukuu akarudi na baiskeli yake akatukuta hivyo.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Na ng'ombe."

"Na baba je?"

"Muulize pikipiki."

Akakaa chini akacheka mpaka akashika tumbo. Nikamwambia anyanyuke alete ndoo, kazi bado.

Jioni tukafanya majaribio. Nilisema mimi: ekzosi haikubaliwi mpaka ng'ombe mwekundu aikubali. Nikaketi, ndama akanyonya, nikaanza. Upande wa pili mkwe akawasha. Sauti ilikuwa imeshuka sana, mimi ningeikubali. Ng'ombe akainua kichwa, akabana.

"Mwambie baba yako bado," nikamwambia mjukuu, maana sasa mbebaji yupo.

Mkwe akafungua, akashindilia nyuzi zaidi, akawasha tena. Ng'ombe hakuruka, lakini masikio aliyageuza upande wa injini, wala si nyuma ambako moshi unatokea. Akatulia hivyo, ameyatega. Maziwa yakaja kwa matone.

"Bado. Mwambie ng'ombe anasikia kitu mbele, kwenye injini."

Mkwe akainama. Pale bomba linapoungana na injini kulikuwa na gasketi iliyochoka, ile inayoziba maungio, upepo mwembamba unapita ukipiga mluzi ambao sikio langu halikuupata. Akaweka gasketi mpya, akakaza boliti. Akawasha mara nyingine. Ng'ombe mwekundu akarudisha masikio, akaanza kucheua. Maziwa yakashuka yakigonga ndoo, mpaka povu likapanda.

"Mwambie wabeja," nikasema. Hiyo ni asante. Aliisikia mwenyewe, mjukuu hakuibeba.

Asubuhi sikutaka kuhadithiwa. Nilikamua mapema, injini ikinguruma taratibu nyuma yangu, kisha nikatangulia kwa miguu mpaka ukingo wa korongo. Mjukuu akanipita na madumu yamejaa. Akateremka, akavuka, akaanza mlima. Gia ya pili. Niliangalia miguu yake. Ule mguu wa kulia, uliokuwa umezoea kuteremka katikati ya mlima, haukuteremka. Akapotelea juu upande wa barabara kubwa, na sauti haikufika kwangu.

Aliporudi nilimuuliza alichosema mama wa mgahawa.

"Alikuwa ameinama anawasha jiko. Nikamgusa bega, akashtuka. Akasema, leo mmekuja na nini, mbona sijasikia kitu?"

"Na yule mwenye gari?"

"Amesema atamwambia aendelee kupakia abiria."

Nilijaza mtindi kwenye kibuyu kizuri, nikakiweka juu ya nguzo ya ua, nikaondoka pale. Nilipopita tena, kibuyu hakikuwepo, na mkwe alishaondoka kwenda Lamadi. Hiyo ndiyo njia yetu ya kuagana.

Siku iliyofuata mwanangu mkubwa akapiga simu mapema, nikiwa nimebana ndoo kwa magoti na pikipiki inapata moto kando ya zizi.

"Mayu, wiki imeisha. Tumekuandalia chumba. Unakuja lini?"

Ng'ombe mwekundu alikuwa anacheua, macho nusu yamefumba.

"Piga baadaye," nikamwambia. "Nakamua."