Chakula cha Hakimu

Kwenye jiko la hospitali walimwita Mama Laini, kwa sababu kazi yake ilikuwa chakula laini: cha wazee wasio na meno, cha waliotoka kupasuliwa, cha wale ambao koo zao zimegoma. Alichemsha, akasaga, akachuja, akaonja. Boga, karoti, mchicha, viazi na nyama viliingia kwenye mashine yake kila kimoja na sura yake, vikatoka rojo la rangi moja. Mpishi mkuu, mwanamke wa kicheko cha kutikisa masufuria, alipenda kusema kwamba Mama Laini angeweza kumlisha mtu stuli ya mbao na mtu huyo akaomba aongezewe.

Na kweli wagonjwa wake walikula. Sahani zilirudi zimekwanguliwa. Miaka nenda miaka rudi, jambo hilo lilimjengea imani moja ambayo hakuwahi kuitilia shaka: mtu akikataa chakula, lawama ni ya sura ya chakula. Badilisha sura, atakula.

Aliolewa akiwa mtu mzima, wakati hata ndugu zake walikuwa wameacha kumuuliza. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mjane, mpole, mtu wa kujibu swali baada ya kulizungusha mdomoni kwanza. Alikuwa na watoto wawili. Msichana, wa darasa la nne, baba yake alimbandika jina la Hakimu, kwa vile hakuna sahani iliyopita mbele yake bila kusikilizwa kesi. Aliinamia chakula, akakinusa, akakichokonoa kwa ncha ya kijiko, akatenga kitunguu huku na kipande cha karoti kule, kisha akasukuma sahani. Mdogo wake wa kiume aliitwa Karani. Yeye hakuwa na hukumu yake mwenyewe. Dada akisukuma, naye anasukuma, huku macho yamebaki kwenye nyama.

Nyumbani angalau kulikuwa na wali mweupe wa kuwaokoa. Shida ilikuwa makopo ya shule. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mama Laini alisimama mbele ya makopo mawili ya plastiki yenye vifuniko, akiyapanga kama mtu anayemwandalia mkwe. Mkate wenye yai. Viazi na njegere. Karoti aliyoikata umbo la nyota mpaka akajikata kidole. Jioni makopo yalirudi na uzito ule ule, na nyota zake zimenyauka.

"Mwanangu, hata kuonja?" aliuliza.

"Sikuwa na njaa, mama mdogo."

Mashavu ya mtoto yalikuwa yanaingia ndani. Siku moja alisinzia darasani, na mwalimu wake akampigia simu Mama Laini akiwa jikoni, mikono imejaa boga. "Mama, samahani kukuuliza. Huyu mtoto nyumbani anakula?" Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Wifi yake, dada wa fundi, mshonaji aliyekuwa na pini mdomoni hata akiwa hana cha kushona, yeye hakujisumbua na upole.

"Wifi yangu, unalisha hospitali nzima. Hawa wawili wamekushinda?"

"Wanachagua, wifi."

"Kwa marehemu hawakuchagua."

Aliyameza hayo. Usingizi ulikuja kwa shida. Hakuwa akitaka makubwa; hakutaka hata kuitwa mama bila hilo "mdogo" nyuma yake. Alitaka mtoto yule ale kutoka mkononi mwake, ashibe, basi.

Ndipo akaleta kazi nyumbani. Alipika nyama ya kusaga kwa nyanya, na ndani ya nyanya zile akasagia karoti, boga na mchicha kidogo, kidogo kiasi cha kutobadilisha rangi. Akachuja. Akaonja akiwa amefumba macho, kama alivyozoea. Akapaka kwenye mkate.

Hakimu alifungua kopo palepale mezani. "Mama mdogo, humu mna nini?"

"Nyama na nyanya."

"Na nini tena?"

"Hakuna kingine, mwanangu."

Msichana alimtazama usoni kwa muda, mtazamo mrefu kuliko umri wake, kisha akafunika kopo na kulitia kwenye mkoba.

Jioni lilirudi tupu. La Karani lilikuwa limerambwa. Mama Laini alishika makopo yale mepesi, akasimama nayo karibu na karo la kuoshea vyombo, akacheka peke yake. Kuanzia hapo mkate wa nyama ulikwenda shule karibu kila siku, na boga likaongezeka taratibu, na njegere, na maharage yaliyopondwa. Uso wa Hakimu ukaanza kujaa. Mwalimu hakupiga simu tena. Jioni moja, wakati Mama Laini akimsuka, mtoto aliegemeza kichwa kwenye goti lake na kukiacha hapo. Mama Laini alisuka mstari ule polepole mno, akaufumua makusudi, akausuka upya.

Wifi alikuja Jumapili, mchana, akawakuta watoto wakila. Akamfuata Mama Laini jikoni.

"Haya, nipe siri. Umewafanyaje?"

Hapa ndipo alipoponzwa na furaha. Angeweza kucheka tu akanyamaza. Lakini alikuwa amesubiri mno kuulizwa hivyo na mtu yule. Akafunua sufuria, akaeleza yote, boga, karoti, mchicha, chujio, kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga.

Wifi alipiga makofi, akarudi sebuleni akicheka. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na mdomo. "Hakimu wee! Umeshindwa kesi! Boga lote hilo unakula na hujui! Mama yako mdogo anakutilia kwenye nyama!"

Msichana aliweka kijiko chini. Aliangalia sahani, kisha akamwangalia Mama Laini aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Nilikuuliza," alisema.

Akatoka nje, akatapika karibu na bomba. Karani akamfuata, akainama pembeni yake, akakohoa kwa bidii zote, lakini hakikutoka kitu.

"Jamani, boga tu!" wifi alisema. "Boga linatapisha?"

Fundi aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mama Laini alimkuta nyuma ya nyumba, ameketi juu ya vyuma vyake, akikwangua kutu kwa ukucha.

"Mama yao alipougua alikataa dawa," alisema baada ya kuzungusha maneno sana. "Marehemu mama yangu akawa anaponda vidonge, anachanganya kwenye uji. Alimpa Hakimu ndiye apeleke, kwa sababu kutoka mkononi mwa mtoto, mgonjwa hakatai. Mtoto akauliza humu mna nini. Akaambiwa ni uji, hakuna kingine."

"Halafu?"

"Halafu siku moja Hakimu alimnywesha bakuli lote. Jioni ile ile mama yake akafa. Ulikuwa ugonjwa, daktari alisema hivyo. Lakini msibani watu waliongea habari za vidonge, na mtoto alikuwa chini ya meza anasikia."

Mama Laini aliketi chini, penye mavumbi. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Unaniona kila asubuhi nahangaika na makopo, na unajua."

"Nilidhani amesahau. Ni mtoto."

Mama Laini alifumba macho. Alikuwa anamwona msichana yule akitenga kitunguu huku na karoti kule, kila siku, kila sahani, na mdogo wake amemtegemea. Nyumba nzima walimwita mchaguzi.

Alikwenda kumwomba radhi. Alipiga magoti kabisa, mtu mzima, mbele ya kitanda cha mtoto. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa pua.

"Sijakasirika, mama mdogo," alisema. "Ila siwezi kula."

Siku tatu nne alishindia maji. Kisha, pasipo mtu kupanga, ilijulikana ni nini kinachoweza kupita: kitu ambacho hakijafunguliwa. Ndizi yenye ganda lake. Chungwa zima. Karanga ambazo hazijabanguliwa. Yai la kuchemsha ndani ya gamba. Hata karoti, kumbe, ikiwa nzima na majani yake kichwani, alikula. Ilimradi mkono wa mtu mzima haujaingia ndani.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu aliinua kopo la Hakimu juu ili wote waone. "Hiki ndicho chakula cha shule ninachokisema kila siku! Matunda, mayai, hakuna mafuta. Mama, simama wakuone." Mama Laini alisimama. Walimpigia makofi. Mama mmoja alimvuta pembeni kumwuliza anafanyaje, maana wa kwake anataka biskuti tu, na yeye akatabasamu, akasema ni kuzoeana nao.

Kesho yake asubuhi Hakimu alichukua yai kwenye kopo, akaligeuza dirishani, taratibu, akilipitishia kidole. Kidole kikasimama mahali. Ufa mwembamba kama unywele.

"Hili hapana," alisema. Akaliweka mezani, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia muuza duka chenji iliyozidi.

"Haya, mwanangu. Subiri."

Mama Laini alilimenya lile lenye ufa, akalila amesimama, bila chumvi. Kisha akatia jingine kwenye maji ya baridi, akapunguza moto mpaka mwisho wake, akainama juu ya sufuria kulilinda lisigonge ukingo, huku nyuma yake msichana akimtazama mikono.