Nilivyoshuka Kyavinyonge Kutafuta Mwalimu wa Mbizi

Sikutoka Butembo kwa kupenda matembezi. Wakati ule wa vita, nani alikuwa anatembea kwa kupenda? Nilitoka kwa sababu ya tumbo la bibi yangu, Masika. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na wa pili alikuwa njiani. Mamere, yule mtawa anayeongoza maternite, nyumba ya kuzalia, alituambia wazi mbele yetu wote wawili: "Huyu naye tutamutoa kwa kisu. Mais bila courant, miye hapana gusa mutu."

Courant ilikuwa kazi yangu. Mimi ndiye fundi wa ile mashine ndogo ya umeme ya watawa, kwenye kijito kilicho chini ya maternite, upande wa Rughenda. Maji yamezuiwa na ukuta, yanapita kwenye grille, wavu wa chuma huko chini, yanaingia kwenye bomba, yanazungusha mashine, taa inawaka. Zamani, grille ikijaa majani, tulifungua vanne, mlango wa chini wa maji, bwawa likakauka, tukasafisha tukiwa tumesimama. Sasa vanne ilikuwa imekufa kwa kutu, fundi mkubwa aliyejua siri zake alikuwa amekimbilia Uganda, na groupe ya mazout, yaani jenereta, wanajeshi waliibeba wakisema wanaiazima. Mvua zilikuwa zimeanza. Majani yalikuwa yanaziba grille, na taa ya chumba cha kupasulia ilikuwa inafifia kila wiki zaidi.

Grille iko mbali chini, kina cha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Na sisi watu wa milimani, jamani, tunajua maji ya kunywa na maji ya kuoga, basi. Kuleta mvuvi kutoka ziwani? Majani yanarudi kila mvua; mvuvi angekaa kwetu mpaka lini? Kumpeleka Masika Beni, kwenye hospitali kubwa? Barabara ya Beni wakati ule ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Donc nilimwambia Masika naenda Kyavinyonge, kando ya ziwa, kutafuta mtu wa kunifundisha kuingia chini ya maji.

Alinitazama kutoka kichwa mpaka miguu. "Weye Kambale, unaogopa hata mvua," akasema. "Haya, enda. Mais usife kule. Miye niko na kazi ya kutosha hapa."

Asubuhi nilipanda pikipiki ya jirani mpaka Kyondo, na mfuko wa viazi vya Masereka mgongoni, zawadi ya yeyote atakayenipokea. Baada ya Kyondo kulikuwa na kizuizi. Wanajeshi watatu walikuwa wamekaa juu ya gogo.

"Yaya, okei wapi?" mmoja akauliza.

"Kyavinyonge, chef."

"Kufanya nini?"

Ningesema kununua samaki, mambo yangekwisha. Lakini mdomo wangu haujui kona. "Kujifunza kupiga mbizi," nikajibu.

Wakaitana. Wakanizunguka. "Vita iko, na weye unaenda kujifunza kuoga? Wewe ni espion, mpelelezi!" Mmoja alinigeuza mikono, akaona makovu ya umeme, akataka nimweleze kila moja. Nikaeleza. Nikaeleza na habari ya Masika, na grille, na kisu cha mamere, mpaka mkubwa wao, mtu wa jimbo la Équateur aliyekulia kando ya mto, akacheka hadi machozi. "Batu ya milima!" akasema. "Kule chini muulize sergent wetu wa bateau. Ule iko samaki." Walichukua viazi kidogo, wakaniacha na vingi. Namshukuru mpaka leo. Siku ile angeweza kuchukua vyote, na mimi pia.

Kutoka hapo njia inateremka ukuta wa mlima. Joto linapanda likikufuata, na ziwa linaonekana chini, jeupe na kubwa kuliko nilivyofikiri. Akina mama walikuwa wanapanda na mizigo ya samaki mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kila hatua wakitoa sauti ile yetu: hm! hm! hm! Nililelewa Masereka nikibeba viazi hivyohivyo. Bila hiyo sauti mzigo haupandi. "Wabukire!" tukasalimiana, na mmoja akaniuliza mbona mwanaume anateremka na viazi badala ya kupanda na samaki. Nilipomwambia ninachotafuta, alisimama na mzigo wake wote ili acheke vizuri.

Kyavinyonge nilifika jua likiwa bado kali. Harufu ya tilapia na moshi, mitumbwi ile wanayoita pirogue imepangwa mchangani, viboko wakikohoa pembeni kama wazee misani. Nikaanza kutafuta mwalimu, na hapo nikaona kwamba walimu si shida. Shida ni kuchagua.

Mimi nina namna yangu ya kupima mtu. Fundi akiniambia courant haijawahi kumpiga, simpi bisibisi yangu: ama ni mwongo, ama hajafanya kazi. Donc kila mmoja nilimuuliza swali moja: "Umewahi kurudi juu bila kufika chini?"

Sergent wa bateau, ile boti ya jeshi, alikuwa na kifua cha ng'ombe. "Jamais!" akasema. Akaruka, akakaa chini muda mrefu, akatoka na tope mkononi, watoto wakapiga makofi. Kamba iliyofungwa kiunoni mwake ili avutwe juu ilikuwa mkononi mwa askari aliyekuwa anavuta sigara akitazama wasichana. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikaenda.

Vijana wavuvi wao walinionyesha mashindano: nani anakaa chini zaidi. "Kurudi? Kurudi ni ya bibi!" wakasema. Kamba yao walikuwa wameifunga kwenye ubao wa pirogue. Nikauliza ubao utajuaje mtu anakufa. Wakacheka, wakaruka tena.

Wa tatu aliitwa Mbusa. Kazi yake ilikuwa kufungua nyavu za watu zilizonasa kwenye miti iliyozama. Nilimkuta katika pirogue iliyofungwa karibu na ufuko, na bibi yake Kahindo amekaa nyuma ameshika kamba. Majirani walikuwa wananung'unika kwamba mwanamke ndani ya pirogue anafukuza samaki. "Basi samaki wafukuzwe," Mbusa akawajibu, "miye nibakie." Nikamuuliza swali langu.

"Kurudi bila kufika?" akasema. "Jana. Na leo asubuhi pia."

"Mara mbili leo," Kahindo akamsahihisha.

Kisha nikaona jambo ambalo sijaliona mahali pengine. Mbusa alipozama, Kahindo naye akafunga pumzi. Alikaa pale juu, kwenye hewa yote ya Mungu, mashavu yamejaa, macho yanamtoka. Ilipomshinda akavuta kamba, na Mbusa akapanda, amemaliza hajamaliza. "Mutu akipumua, anasahau," Kahindo akanieleza akihema. "Kaka yangu alifia pale kwenye ile miti. Ule mwenye kushika kamba alikuwa anaongea na watu. Tangu siku ile, kwetu hakuna kushika kamba na kupumua." Machozi yalinijia, nasema ukweli. Nikaweka mfuko wa viazi miguuni pake, nikasema shule yangu ni hii.

Siku ya kwanza majini niliwaaibisha watu wote wa Masereka. Nilivuta hewa, nikaingia, nikashika mti wa kwanza kwa nguvu, na bila kufikiri nikafanya kama mtu anayebeba mzigo: hm! hm! hm! Kila hm! hewa ikatoka mapovu makubwa. Nilirudi juu nimekunywa nusu ya ziwa. Kahindo alikuwa amelala chali ndani ya pirogue kwa kicheko. "Tata Kambale, unasalimia samaki?"

Kumbe hiyo hm! ilikuwa ndani ya mifupa. Kila nikitumia nguvu, inatoka. Mbusa hakunikaripia. Alinikalisha mchangani, akanipa jiwe zito nilinyanyue mdomo umefungwa, kimya, taratibu, tena na tena, mpaka majirani wakaanza kuniita mgonjwa wa mawe. Baadaye akanifundisha kumeza mate masikio yakiuma. Kukaribia kitu kinachovuta kwa upande, bega likigusa, mkono mmoja tu ukitangulia. Na zaidi ya yote, kurudi. "Ukirudi, kazi ingali pale," alisema. "Usiporudi, kazi ingali pale na weye hauko." Usiku nilikula samaki wao, nikalala kwenye mkeka wao, na hawakunionyesha hata siku moja kwamba nimekaa sana. Siku ya kuaga Kahindo alinipa kamba yenyewe. "Hii imezoea watu," akasema. Nilimwambia wasingya, asante ya kwetu, mara nyingi kama mtu aliyechanganyikiwa.

Kurudi kwa njia ya Kyondo hakukuwezekana. Huko juu milio ya risasi ilikuwa imeanza. Nilivuka kwa pirogue mpaka Kasindi, nikapanda lori la samaki kwenda Beni. Beni tulisubiri barabara ifunguliwe. Nilikwenda kuangalia hospitali, nijue kama bado kuna njia nyingine ya kumwokoa Masika. Baraza lote lilikuwa limejaa watu waliokimbia vijiji vyao, wamelala mpaka kwenye ngazi. Muuguzi mmoja mwenye macho mekundu aliniambia kwa upole: "Kama muko na pa kuzalia kwenu, tata, muzalie kwenu." Basi ikabaki mimi na grille. Nilikaa juu ya lori, kamba shingoni, nikafikiri kwamba katika ziwa lote sikuwa nimechagua mtu anayejua maji kuliko wengine. Nilichagua watu wanaoogopa kupotezana. Niliona nimechagua vizuri.

Nyumbani nilimkuta Masika amekuwa mkubwa, na taa ya maternite imekuwa ndogo. Nilimweleza desturi ya kamba, akaninyang'anya kamba. "Nani mwingine atashika? Jirani?" Nikasimamisha mashine, nikazama. Sijagusa hata jani, kamba inavutwa. Nikazama tena, inavutwa. "Masika!" nikapiga kelele. "Mtoto amekaa juu ya pumzi yangu," akajibu, "nifanyeje?" Niligombana naye, nikagombana na maji, kisha nikafanya kazi kwa pumzi aliyokuwa nayo: kushuka, jani moja, kijiti kimoja, kupanda. Kushuka, kupanda. Jioni grille ilikuwa wazi, na mamere alitoka kwenye baraza akatazama balbu kwa muda mrefu. "Sasa nitagusa," akasema.

Siku ya Masika ilifika na mvua. Wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa, mimi nikateremka bwawani. Sikuwa na ruhusa ya kukaa mlangoni kama wanaume wengine. Mvua ilikuwa inashusha majani, na mara hii mashine haikuweza kusimama hata kidogo, maana kisu kilikuwa kinafanya kazi chini ya taa yake. Ilinipasa kusafisha grille maji yakiwa yanavuta. Niliogopa, sifichi.

Mama mukwe wangu, mama yake Masika, aliyekuwa amenifuata bwawani, akavua viatu. "Leta kamba."

"Mama, munajua namna yake?"

"Binti yangu iko juu, bwana yake iko chini. Unataka nikae kwa kiti?"

Kwetu mkwe hawezi kuvua nguo mbele ya mama mukwe, hata kuwe na vita. Niliingia na shati na suruali. Nilishuka kwa upande, bega likigusa ukuta, mkono mmoja ukitangulia, mdomo umefungwa. Mama alikuwa na pumzi ya haki na mkono wa kuvuta mbuzi; kila mara alinitoa kwa wakati. Kila nikitoka nilitazama kwanza dirisha la maternite huko juu. Taa ipo. Nashuka tena.

Mara moja nilikuwa chini, nimeshika rundo la majani ya mikaratusi, pumzi ikaanza kuisha. Nikasubiri kuvutwa. Kimya. Kifua kikawaka moto. Nikagusa kamba: imelegea. Nikafikiri mama ameanguka, au juu kumetokea lile tulilokuwa tunaliogopa wote na amekimbilia huko. Nikaachia majani, nikajitoa kwa upande kama Mbusa alivyonifundisha, nikapanda ukuta kwa kucha.

Kamba ilikuwa inaelea peke yake. Mama mukwe alikuwa juu ya ukuta, katika mvua, anacheza, kitambaa chake cha kichwa mkononi, anapiga vigelegele kuelekea dirishani. Kule dirishani muuguzi alikuwa ameinua kitu kilichofungwa kwa nguo nyeupe.

"Mwanaume!" mama alikuwa anapiga kelele. "Mwanaume! Na Masika iko nasema! Iko natukana bantu!"

"Mama," nikakohoa, "kamba!"

Akatazama mikono yake mitupu. Akatazama maji. Akaniona. "Yo! Kambale!" Akashika mdomo kwa mikono miwili, kisha kicheko kikamkalisha chini kwenye tope. "Nilikusahau, mwanangu! Nilikusahau kabisa!"

Nilibaki nimeshikilia ukuta, nguo zimejaa maji, ninamshukuru Mungu, na Mbusa, na Kahindo, na hata yule mwanajeshi wa kizuizi. Sijawahi kusahauliwa vizuri namna ile.