Mbarika za Nyuma ya Nyumba

Mama Mbarika alikuwa akifagia ua asubuhi kabla ya chai, anafagia tena jua likiwa utosini, na jioni anainama na tochi ya simu kuchungulia chini ya vitanda, nyuma ya mapipa, hata ndani ya viatu vya watu. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, humtazama kutoka kwenye kiti chake cha barazani na kucheka.

"Mke wa mwanangu, umepoteza pete au umepoteza akili?"

"Usafi tu, mama."

Usafi! Jamani, usafi gani wa kupekua viatu? Alikuwa anatafuta mbegu za mbarika, mmea uliompa jina lake mtaani.

Mbarika ndiyo hiyo ambayo wengine huiita mnyonyo. Mafuta yake hulainisha mashine, hutengenezewa sabuni na rangi, na mengine hutiwa kwenye vichupa vya dawa ya kulegeza tumbo. Tunda lake lina miiba laini, na likishakauka juani hupasuka lenyewe, pa! mbegu ikarukia huko inakojua yenyewe. Na mbegu inavutia, usiseme. Inang'aa, ina madoa ya kahawia na meupe, utadhani ushanga. Lakini ndani yake kuna sumu. Kiwandani mafuta yakikamuliwa na kupashwa moto, sumu hubaki nje, kwenye makapi. Mbegu yenyewe ikitafunwa ni habari nyingine, maana chache tu zaweza kumpeleka mtu kaburini.

Mama Mbarika alilijua hilo. Bi Mkubwa hakulijua, na aliyemficha ni huyo huyo mke wa mwanawe.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi cha Bi Mkubwa, alichoachiwa na marehemu mumewe. Mawe matupu. Mahindi yalifika magotini yakafa. Kunde zikajaribiwa, zikaliwa na wadudu kabla ya watu. Mume wa Mama Mbarika ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anapita kama mgeni, watoto wako shule ya bweni, na paa lilivuja hadi vitanda vikahamishwa kila mvua ikinyesha. Basi kiwanda cha mafuta kikatangaza kinatafuta wakulima wa mbarika, mmea usioogopa mawe wala ukame. Mama Mbarika akaenda kusikiliza. Mtaalamu wao akainua mbegu moja juu akasema, "Hiki si chakula. Watoto, wazee, mifugo, wote wakae mbali nayo. Na usiipande karibu na nyumba."

Alisikia kila neno. Lakini ardhi nyingine hakuwa nayo.

Jioni ile akamwomba Bi Mkubwa kile kipande. Bi Mkubwa akauliza swali moja tu, "Haina madhara hiyo?" Ulimi wa Mama Mbarika ukatangulia mbele ya akili.

"Haina neno, mama. Mafuta yake si ndiyo dawa ya tumbo?"

"Panda basi," Bi Mkubwa akaguna. "Ila usitegemee nitaipenda."

Na kweli hakuipenda hata siku moja. Mara nyumba imegeuka ghala, mara majani yanamzibia upepo, mara huo mlio wa pa pa unamkatiza usingizi wa mchana. Mama Mbarika alivumilia yote, mradi mzee asiikaribie. Akatandika nyavu juu ya mbegu zinazoanikwa, akawafungia kuku bandani. Na moyoni aliahidi: nitamwambia tukishavuna. Wakavuna. Nitamwambia tukishaezeka mabati. Wakaezeka. Uongo ukishakaa ndani ya nyumba unapata kiti chake, kuuinua inakuwa kazi. Akabaki kufagia, na kila tunda lilipopasuka, roho ilimruka pamoja na mbegu.

Sasa siku moja alipeleka magunia kituo cha kununulia mazao. Aliporudi alasiri alimkuta Bi Mkubwa amesimama barazani, kilemba kimefungwa vizuri, uso umechangamka kama wa bi harusi.

"Leo nimemkomesha mtu!" akasema hata kabla ya kujibu salamu. "Keti nikupe habari."

Aliyekomeshwa ni fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mbuzi wake alikuwa amekufa usiku, na fundi akasema amekula mbarika. Adhuhuri akaja na mjumbe wa mtaa na majirani kadhaa, anataka miti ing'olewe leo hii.

"Nikawaambia, sikilizeni nyie. Mke wa mwanangu si mtu wa kuniletea sumu nyumbani kwangu. Ameniambia mwenyewe haina neno, na hajawahi kunidanganya. Nikaenda pale kwenye nyavu, nikafunua, nikachota, nikatia mdomoni mbele yao wote. Kra, kra, kra! Nikameza. Nikamwambia fundi, haya, nizike na mbuzi wako!" Bi Mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu. "Wakaondoka mmoja mmoja, kimya, kama waliomwagiwa maji."

Miaka yote ambayo Mama Mbarika aliishi na mwanamke huyu hakuwahi kusikia amsifu mbele ya watu, na siku aliyomsifu ndiyo hii.

"Ulitafuna ngapi, mama?"

"Mimi karani? Sikuhesabu. Mbona midomo inakukauka?"

Hapo wazo baya lilimjia, na mimi sitamfichia. Wazo lilisema: nyamaza. Mpe maziwa, mlaze, huenda hakutafuna sawasawa, huenda kesho akaamka salama na siri ikabaki siri. Wazo lile lilikaa kichwani mwake kwa muda wa kutosha kumtia aibu maisha yake yote. Wewe unayemtikisia kichwa, ngoja kwanza. Nani hajawahi kuuombea uongo wake uishi siku moja zaidi?

"Mama, inuka twende hospitali."

"Kufanya nini? Mimi mzima."

"Ni sumu, mama."

Bi Mkubwa akacheka tena, kicheko kifupi. "Acha utani wako."

"Si utani. Ni sumu, na nilijua tangu siku ya kwanza."

Kicheko kilikatika. Yule mzee akatazama viganja vyake, kisha akamtazama mke wa mwanawe. Hakupiga kelele wala hakutukana, na afadhali angetukana.

"Lakini ulisema," akasema polepole. "Mimi nilikuuliza, na wewe ulisema."

Gari la karibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa la fundi, kijigari chovu anachobebea sare za shule. Mama Mbarika akatimua mbio hadi dukani kwake. Fundi alikuwa kwenye cherehani, amenuna, na alipomwona mlangoni hakuacha hata kukanyaga.

"Umekuja kunicheka na wewe? Bi Mkubwa amemaliza, huna haja."

"Fundi, ulisema kweli. Mbuzi wako ameuawa na mbarika zangu. Na mama amezila. Naomba gari, kaka yangu, nakuomba."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akamkazia macho kidogo tu, akasema "Ya Rabi," akanyakua funguo. Alitoka na futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, na njia nzima alikuwa akipiga honi.

Hospitalini walipokewa na daktari kijana na muuguzi mnene mwenye sauti ya upole. Bi Mkubwa akanyweshwa dawa nyeusi ya mkaa kikombe tele, akatundikiwa dripu. Daktari hakupamba maneno. Sumu hii haina dawa ya kuipiga moja kwa moja, alisema. Watampa maji, watamwangalia, na dalili zaweza kuchelewa, kwa hiyo mtu asifurahi mapema. Kisha akamwinamia mgonjwa.

"Bibi, nani alikuambia hizi zinaliwa?"

Fundi alikuwa mlangoni. Muuguzi alikuwa anafunga plasta. Bi Mkubwa akatazama dari.

"Hakuna aliyeniambia, mwanangu. Ni uzee tu na kichwa changu kigumu."

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele ya Mama Mbarika, wazi kabisa, na aliyemfungulia ni huyo anayeweza kufa kwa sababu yake. Angeweza kuinamisha kichwa tu na kupita. Hakupita.

"Mimi ndiye niliyemwambia, daktari. Nilimwambia hazina madhara, na nilijua zina sumu."

Muuguzi akaacha plasta katikati. Fundi akatazama viatu vyake. Bi Mkubwa akafumba macho kama mtu aliyechoka kubishana.

Jioni tumbo likaanza. Alitapika, akatapika tena, mwili ukabaki mlegevu kama nguo iliyoloa. Mama Mbarika alibadilisha mabeseni, akafuta, akasuuza, akarudi. Hakula. Kila mashine ikilia kitanda chochote, yeye aliruka. Alitazama matone ya dripu yakidondoka, na yakionekana kupunguza mwendo alikimbia kumwita muuguzi, hadi muuguzi akamwambia, "Dada, ukiendelea hivi nitakutafutia kitanda na wewe." Mumewe akapiga simu kutoka njiani. Alimweleza yote bila kujitetea. Mume akasema, "Nageuza lori," akakata.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Presha ilishuka, midomo ya mzee ikabadilika rangi, Mama Mbarika akatolewa nje ya wodi. Alikaa kwenye benchi la ukutani akiomba kila ombi alilolijua na mengine akiyatunga. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kweli hakuna aliyemwambia. Ni fundi tu aliyerudi, akaweka chupa ya chai kando yake, akaondoka.

Kisha, taratibu, mambo yakageuka. Kutapika kukakoma. Presha ikapanda. Mumewe aliingia na vumbi la njia nzima mwilini, akamkuta mamake ameketi anagombana na muuguzi kuhusu uji usio na sukari. Daktari akaeleza kuwa nyingi za zile mbegu zilimezwa nzima nzima, na ganda lake gumu ndilo lililomwokoa. Zilizovunjika zilikuwa mbili tatu.

"Kumbe hizo kra kra zilikuwa mbwembwe?" mwanawe akauliza.

"Sasa nitafune kwa kitu gani?" Bi Mkubwa akajibu. "Meno yenyewe yameshatangulia ahera." Wodi nzima ikacheka, na Mama Mbarika akatoka kwenda kulia chooni.

Mbarika za nyuma ya nyumba alizing'oa mwenyewe, shina kwa shina, akafagia mpaka udongo ukabaki mtupu. Sasa anazilima mbali, kwenye shamba la kukodi lenye ua wa miiba na kibao cha fuvu la kichwa, na haanzi kupanda kabla mjumbe hajakagua. Kwa fundi alipeleka mbuzi jike mwenye mimba, fundi akampokea. Kiwanda bado kinanunua. Mtu akipita hapo ataona nyumba iliyotulia.

Na Bi Mkubwa hakumnunia, mimi ni shahidi. Anamwita mke wa mwanangu kama zamani, wanapeta mchele pamoja, wanasengenya pamoja. Ila mchana wa kwanza aliporudi nyumbani, Mama Mbarika alipomwekea bakuli la uji, mzee alilisukuma mezani likamrudia.

"Onja kwanza wewe."

Mwanawe akacheka. Majirani waliokuja kumpa pole wakacheka. Mama Mbarika naye akacheka, akachota, akaonja. Bi Mkubwa alimtazama koo mpaka alipoona uji umeteremka, ndipo akachukua kijiko. Jioni ikawa hivyo hivyo. Kesho yake pia. Mume akarudi barabarani, majirani wakaacha kuja, na utani nao hauna budi kuisha.

Leo walikuwa wawili tu. Mama Mbarika akaweka bakuli mezani, akasimama. Bi Mkubwa alilisukuma tu, taratibu, akaweka mikono mapajani akasubiri.

Mama Mbarika akachota, akameza.