Rejista Tulizoziloweka Beni

Siku yangu ya kwanza katika atelye, karakana yetu ya Butembo, sikugusa mashine. Mama Prezida, aliyeongoza kikundi chetu cha wanawake, alinikalisha mbele ya lundo la daftari kuukuu za shule, akaniambia, "Kahambu, toa vichuma vyote. Kimoja kikibakia, kitakata mukono ya mwenzako." Nilichomoa pini mpaka jioni, vidole vikatoka damu. Hakuna aliyenipa pole. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya makaa ya karatasi, kazi iliyonilisha miaka mingi na kuniachia aibu.

Ninyi vijana mnayakuta sokoni yamekwisha kauka, hamjui yametoka wapi. Karatasi inachanwa, inalowekwa ndani ya pipa siku tatu, halafu inatwangwa katika kinu mpaka iwe uji mzito. Tulichanganya na unga wa mbao tuliookota kwa maseremala, tukaujaza katika kalibu, yaani bomba fupi lenye matundu ya kutolea maji, kisha wanawake wawili tukaning'inia kwenye mti mrefu wa kukandamiza. Kinachotoka ni donge la duara lenye tundu katikati. Tundu hilo linapitisha hewa. Bila hilo, donge linafuka moshi tu ndani ya babula, jiko letu la makaa.

Kukausha ndiko kulikotutesa. Baridi ya Butembo mnaijua. Donge linakuwa gumu nje, ndani bado ni bichi. Mara moja mama mmoja wa Musienene alirudisha gunia zima na kulimwaga miguuni pangu. "Maharagi yangu iko mbichi tangu asubui! Unatuuzia matope?" Tangu siku ile nilijifunza kuvunja donge moja katika kila chanja na kuonja unyevu wake kwa ulimi. Nikawa ndiye mtu wa kukausha.

Kwa hiyo nilitumwa Beni. Watu walikuwa wamekimbia vijiji kwa sababu ya mauaji, wamejazana katika nyumba za ndugu zao, na kwenda porini kutafuta kuni kulikuwa kujitoa roho. Mama Prezida alinishika mabega. "Kule batu banakufa juu ya kuni, mwanangu. Enda."

Nilipewa wanawake wanane. Juu yetu alikuwa Jeran, msimamizi wa atelye ya Beni, bwana mwenye viatu safi ambaye hakuwahi kutia mkono katika pipa. Kila asubuhi foleni ilikuwa mlangoni, na kila asubuhi Mzee Kambale alikuwa wa kwanza. Aliacha shamba lake la kakao likiwa na matunda mtini, akakimbia na mkewe na sufuria moja. Nikimpa madonge yake alisema kwa Kinande, "Wasingya," asante, kwa sauti ya mtu anayeona haya kupokea.

Karatasi zikatuishia. Siku mbili tulirudisha watu mikono mitupu. Siku ya tatu Jeran alileta gari dogo lililojaa rejista na mafaili. Yalitoka katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Walikuwa wanamwaga vitu vya chumba cha nyuma ili wapake rangi. Nilifungua faili. Jina la kijiji, mipaka ya shamba, alama ya kidole gumba. La pili vilevile. La tatu lilikuwa la Mzee Kambale.

"Chef," nilisema, maana ndivyo tulivyowaita wakubwa, "hizi ni karatasi za mashamba ya batu."

"Batu gani? Si walikimbia? Mashamba inakuwa pori."

"Lakini wenyewe bako hapa. Huyu anakuja kila siku."

"Mama Kahambu, foleni iko inje, batoto banalala njaa. Unataka kusoma ao unataka kutumika kazi? Tia mu maji."

Ningeweza kulificha faili lile moja chini ya kikwembe, kitenge nilichojifunga. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Lakini niliogopa kurudishwa Butembo, na nilijiambia kwamba ofisini lazima kuna nakala. Nikalichana mimi mwenyewe.

Utulivu kidogo ulipokuja, Mzee Kambale alirudi kijijini. Alikuta mtu mwingine anavuna kakao yake, ana hati mpya yenye muhuri. Ofisini wakamjibu kwamba mafaili ya zamani yaliunguzwa na waasi. Alikuja kunisimulia hayo akiwa amesimama palepale mlangoni.

"Mzee, haikuwa waasi," nilimwambia. "Ilikuwa sisi. Ni mimi nilipasua yako."

Akauliza polepole, "Ile makaa, ulimupatia nani?"

"Wote wa foleni. Na weye."

"Basi nilipika maharagi kwa moto ya shamba yangu."

Nilikwenda naye ofisini kutoa ushahidi. Jeran aliitwa. Alinitazama kwa huruma, akawaambia, "Mama huyu amezeeka, anachanganya mambo." Wiki iliyofuata alikusanya wanawake wote, akanipa kikwembe kipya, tukapigwa picha, akatangaza kwamba ninakwenda kupumzika. Wakapiga makofi. Hiyo ndiyo pensheni yangu. Yeye sasa anasimamia atelye zote mbili, ya Beni na ya Butembo.

Mzee Kambale anapanga chumba kimoja huku Beni, na analima kibarua katika mashamba ya watu. Tukikutana kanisani ananipa mkono. Mkewe hanipi.

Mara nyingine wasichana wanakuja kuniuliza kama yale makaa ya wakati wetu yalikuwa mazuri. Ninawaambia kweli. Karatasi za ofisi hazina rangi wala nta. Zinashika haraka, hazitoi moshi, na moto wake unadumu. Katika miaka yangu yote sijatengeneza makaa mazuri kuliko yale.