Omuhoro wa Baba

Baba alipofariki alituachia kibanja chetu cha Izigo, migomba na mibuni ikiwa imeizunguka nyumba, na omuhoro wake, lile panga fupi lenye ncha iliyopinda, ukiwa umechomekwa kwenye paa la jiko kama alivyouweka mwenyewe. Kwetu omuhoro ni wa mwanamume. Mwanamke hupalilia, hupanda maharage na kutandaza nyasi, lakini kupunguza machipukizi ya migomba si kazi yake. Kaka zangu wako mbali na wanatuma salamu. Mimi nafundisha biolojia sekondari mjini Muleba, kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa naenda nyumbani, nakaa na mama mlangoni, tunatazama migomba inavyochakaa.

Siku moja nikachoka kutazama, nikauchomoa omuhoro. Mama alijiziba mdomo, halafu akacheka. "Baba yako angekuona!"

Nilianzia nyuma ya jiko, kwenye mashina mawili yaliyokuwa na majani ya njano yaliyolegea, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonitia aibu mbele ya majirani. Nikayasafisha. Kutoka hapo nikapita upande wa choo, nikazunguka mibuni, nikaja mbele ya nyumba, na jioni nikamalizia kwenye kaburi la baba, kwenye shina la enshakara, ndizi ya kupika, alilolipanda mwenyewe na ambalo mama hakuruhusu mtu alisogelee. Siku hiyo aliniruhusu. Alinipikia ndizi kwa maharage, na kila aliyepita njiani aliitwa aje aone. Sijawahi kusifiwa namna ile, hata siku niliyohitimu chuo.

Miezi michache baadaye migomba ikaanza kunyauka. Majani yalilegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi ziliiva kabla ya kukomaa, moja njano na ya pembeni yake bado kijani, na nilipopasua moja nikakuta ndani ina madoa ya kahawia. Mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba kwenye bustani ya mimea kule Bukoba wapo wataalamu wanaofundisha watu siku za Jumamosi. Nikaitia ile ndizi kwenye mfuko pamoja na kipande cha jani, nikaenda.

Nilitegemea mtu wa koti jeupe. Nikapokewa na mama mmoja wa makamo kutoka Izimbya, kanga kiunoni na buti za mpira miguuni, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa kitalu. Nilipofungua mfuko langoni, alirudi nyuma.

"Funga! Usiingie nao humu, mwalimu."

Tulichimba shimo nje ya uzio, tukauchoma mfuko wangu na vyote vilivyokuwemo, tukafukia. Nilikasirika. Nilijiona kama mwanafunzi aliyekamatwa na sigara. Lakini nikabaki, maana kibanja cha mama ndicho kilichonileta.

Alinifundisha vizuri kuliko ninavyofundisha mimi. Ua la mgomba halikatwi kwa chuma, linavunjwa kwa mti wenye panda, unaliingiza kwenye panda na kulisokota. Na panga linapita motoni kabla ya kuhama. "Shina moja, moto. Shina la pili, moto tena. Hata kama una haraka. Mnyauko huu ni wa bakteria, na panga ndilo linalowatembeza." Nikafanya, akanisahihisha, nikafanya tena. Nilianza hata kufurahi.

Halafu akachuchumaa, akalainisha udongo kwa kiganja. "Sasa nichoree kibanja chenu. Weka kokoto kila penye shina linalougua."

Nikachora nyumba, nikachora jiko, nikaanza kuweka kokoto. Mbili nyuma ya jiko. Nne upande wa choo. Kando ya mibuni, halafu mbele ya nyumba. Nilipofika hapo nikaacha kuweka kokoto, maana njia ile niliijua. Nilikuwa nimeipita kwa miguu yangu, nikiimba, omuhoro mkononi.

"Nani alikata?" aliuliza.

"Mimi."

Bakteria! Nimewachora ubaoni miaka yote hii. Nimewanyima watoto wa watu alama kwa kusahau kuandika kwamba kifaa kinasafishwa kwanza kwa moto.

"Dawa yake ni nini, mama?"

"Haina dawa. Ng'oa, fukia, uache ardhi ipumzike."

"Na shina lililo kaburini kwa baba?"

Yeye pia ni Mhaya, anajua shina la kaburini haling'olewi. Alipangusa mikono kwenye kanga, akaenda kumwagilia miche.

Niliporudi Izigo mama alikuwa mlangoni. "Wataalamu wamesemaje?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, ila yeye akanitangulia. "Najua ni mimi. Mwaka huu sikutandaza nyasi za kutosha. Haya magoti! Baba yenu aliniachia kibanja kizima, angalia sasa."

"Si nyasi, mama. Ni panga. Nilikata migonjwa, nikaenda kukata mizima na panga lilelile. Ni mimi niliyeeneza."

Alinitazama kwa huruma, kama ninaweweseka kwa homa. "Mwana wange, mkono uliokisafisha ndio ukiue? Bila wewe kingekufa zamani. Acha kujitesa."

Nikarudia. Nikamweleza habari za bakteria, na moto, na kokoto. Alinipakulia chakula. Niliposema lazima tung'oe, hata la kaburini, akaniuliza kama hao wataalamu nao wana wazazi.

Asubuhi nilimkuta ametangulia rweya, kule uwandani, anakata nyasi. Nikabeba mzigo wangu wa nyasi, nikamfuata hadi nyumbani, tukatandaza mpaka kaburini. Shina la baba lilikuwa bado limesimama, ila jani moja, la katikati, lilikuwa limeanza kulegea. Mama alilishika, akalipapasa, akaenda jikoni. Alirudi na omuhoro.

"Hili jani likate, mwanangu, kama siku ile. Kilipendeza sana siku ile."

Nikaupokea. Nikaingia jikoni, nikauweka kwenye makaa, nikakaa. Chuma kikawa chekundu, kikazidi kuwa chekundu.

"Unafanya nini huko?" mama aliita.

"Bado haujapata moto," nilimjibu.