Buluu Kwenye Injini

Juzi, nikitoka sokoni Njoro, nilipita lori lililosimama kando ya barabara, boneti juu, likitoa mvuke. Harufu ilinifikia kabla sijaliona: maji ya kutu yaliyochemka, na chuma kilichoungua. Nilisimama pale na kikapu changu cha viazi mpaka dereva, kijana wa umri wa wajukuu wangu, akaniuliza, "Shosho, uko sawa?" Nilimwambia niko sawa. Lakini kwa kweli nilikuwa Mau Narok, nina miaka tisa.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori katika shamba la ngano la mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Sisi tulikuwa Waluhya, tumetoka magharibi kufuata kazi. Mama alifua nguo za nyumba kubwa. Juu ya magunia, nyuma ya lori, alipanda Mzee Ndirangu, turniboi, yaani msaidizi wa dereva. Alikuwa na mvi na wajukuu wawili, lakini cheo chake kilikuwa boi, na boi ndivyo alivyoitwa. Alifunga turubai, aliweka jiwe nyuma ya gurudumu lori likisimama mlimani, na kila asubuhi alijaza maji kwenye rejeta. Mimi alinipa ngano mbichi iliyochomwa, niitafune mpaka igeuke kuwa kama mpira mdomoni.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Serikali ikipigana na Mau Mau. Sisi watoto tulijua tu kwamba watu wazima wamepunguza sauti, na kwamba Mkikuyu, kama Mzee Ndirangu, hakutoka shambani bila karatasi mfukoni.

Wiki moja ya mavuno, lori lilichemka mara tatu mlimani. Kila mara rejeta ilikutwa tupu, ingawa asubuhi ilijazwa mpaka mdomoni. Na ajabu ni kwamba chini ya lori hapakuwa na tone. Baba alilala chali, akapapasa mipira yote ya maji, akakaza kila kilichokazika. Kukavu. Bibi yangu alikuwa na msemo wake kwamba maji hayana miguu, yakiondoka yupo aliyeyabeba, na nadhani Bwana Kofia naye alifikiri vivyo hivyo. Kama hayavuji, basi kuna mtu anayafungulia makusudi. Na nani hushika maji?

Asubuhi ya Alhamisi Mzee Ndirangu alifungiwa katika stoo ya magunia, nyapara akasimama mlangoni na rungu. Askari wangekuja kumchukua saa kumi, na siku zile aliyechukuliwa kwa kosa la namna hiyo hakurudi upesi.

"Bwana, nipe nafasi niangalie tena," Baba aliomba.

"Wewe naangalia siku tatu!" Bwana Kofia alifoka. "Maji napotea wapi? Injini nakunywa?"

Nyapara akamvuta Baba kando. "Dereva, hii si maneno yako. Huyo si mtu ya kwenu. Nyamaza, uendelee kula mkate yako."

Baba alirudi kwenye lori akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja liseme lenyewe. Ndipo Mama akaja kutoka kamba ya nguo, mikono bado imelowa. Alifungua pindo la kitambaa chake akatoa kipande cha buluu, ile ya kung'arishia mashuka meupe.

"Maji yakikauka kwenye beseni, hii inabaki," alisema. "Tia humo. Maji yakitoroka, yataacha nyayo."

Tuliisaga, tukaikoroga ndani ya debe la maji, Baba akaimimina kwenye rejeta. Akapakia magunia ili injini itaabike, akaniketisha kando yake kwa sababu, alisema, kichwa changu kinapita mahali chake kisipopita. Tukaupanda mlima kwa gia ya kwanza. Injini ilinguruma mpaka meno yangu yakatetemeka. Sikujua kusoma saa, kwa hiyo nilitazama vivuli vya nguzo za ua. Vilikuwa vifupi tulipoondoka. Tulipogeuka kule juu vilikuwa vimeanza kulala kwenye majani, na mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho.

Baba alilisimamisha nyuma ya ghala, mbali na watu, akafungua boneti. Yeye akachungulia upande wa kulia. Mimi nikapanda juu ya madigadi upande wa kushoto, joto likanipiga mashavuni, nikaingiza kichwa.

Nikaiona. Nyuma ya bomba la moshi, ubavuni mwa injini, palikuwa na kizibo cha bati, cha mviringo, ukubwa wa kitako cha kikombe. Kutoka ukingoni mwake ulishuka mstari mwembamba wa buluu mpaka juu ya bomba, ukaishia hapo katika ukoko kama wa chaki. Maji yalikuwa yakidondokea chuma cha moto na kuwa mvuke kabla ya kufika chini.

"Baba, buluu! Buluu hii hapa!"

Akazunguka, akainama. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Alitoa kitambaa mfukoni, akakipeleka taratibu mpaka karibu na ule mstari, na mkono ukasimama hapo. Nilidhani anaogopa kuungua. Jasho lilimtoka kidevuni likaanguka kwenye bomba, likalia chsss. Likaanguka tena, likalia tena. Kisha akageuka akanitazama. Akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Usiguse. Mtu yeyote asiguse."

Akaenda nyumba kubwa kwa miguu, na nikaona amevua kofia yake kabla hata hajafika langoni.

Bwana Kofia alikuja. Ili achungulie ilimbidi naye avue, na kichwa chake kilikuwa cheupe kama yai. Alitazama kwa muda.

"Nani naweka hii bati?"

"Ni mimi, Bwana."

Gari la askari lilifika, wakanywa chai, wakarudi mikono mitupu. Mzee Ndirangu alitoka stoo akikunja macho kwa jua. Na Baba akanyang'anywa funguo za lori siku ile ile, tukaambiwa tuwe tumehama kufikia Jumamosi.

Jumamosi Mzee alikuja kutusaidia kupandisha kitanda kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Aliushika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili. Alipotaka kunisalimu mimi, nilificha mikono mgongoni. Nilikuwa napoteza nyumba na kuku wangu, na Baba alikuwa anakwenda Nakuru kuosha vyuma vya magari ya wengine kwa mafuta ya taa, kazi aliyokuja kuifanya miaka mingi. Niliamini ni mimi niliyeyaleta yote, kwa kuona na kupiga kelele. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu.

Nilikuwa mama wa watoto wanne Mama aliponisimulia habari ya bati lile. Majuma mawili kabla, kizibo cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu. Bwana aliagiza lori lipelekwe gereji Nakuru, lakini ngano ilikuwa imeiva na mawingu yalikuwa yametanda. Baba alikata bati la pipa akalipigilia mwenyewe. Alipoulizwa kama gari limetengenezwa, alijibu limetengenezwa.

Basi Jumapili moja, Baba akiwa mzee, ameketi juani nyumbani kwangu Kiamunyi akimenya maharagwe, nilimuuliza juu ya kitambaa. Nilimuuliza kama alitaka kufuta.

"Nilitaka," alisema. "Mkono ulikuwa umeshafika."

"Sasa nini kilikuzuia?"

Alimenya ganda zima kabla ya kunijibu.

"Ulikuwa unaniangalia, Nafula. Na ulikuwa unacheka. Ulijua Mzee amepona."

Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimeamini kwamba macho yangu ndiyo yaliyotufukuza Mau Narok, wala sikuwahi kufikiri kwamba siku ile baba yangu alikuwa ameyahitaji. Nilivuta kigoda, nikaketi karibu naye, nikachukua maharagwe kiganja kimoja, tukaendelea kumenya.